Bamvua ya Masira

Kalenda ile baba aliileta kutoka ofisini. Ilikuwa zawadi ya mwaka mpya ya kampuni moja ya ndege, na kila mwezi ulikuwa na picha ya nchi yake. Mwezi wa sita ulipewa kisiwa kidogo cha Uyunani: nyumba nyeupe zimepandana kilimani, chini yake pwani nyembamba, na mchangani kiti kimoja cha kukunja, kitupu, kimeelekea baharini. Mama akaifungua hapo hapo, akaitundika ukumbini kwetu Ibra, na kwetu ukawa mwezi wa sita mpaka mwaka ukamalizika. Aliyetaka kujua tarehe alikwenda kuuliza kwa jirani. Mama akipita na ndoo au na sahani za chakula alikuwa akisimama mbele ya picha na kusema, "Kiti kile changu mie. Nnangojwa."

Sisi ni watu wa Ibra, bara ya Oman, kwa asili na wa Unguja kwa malezi, lakini hata malezi hayafanani. Baba alizaliwa shamba, ndani kabisa, katikati ya mikarafuu, na bahari aliiona siku za sikukuu tu. Mama alilelewa na bibi yake kule Bububu, katika nyumba ambayo mlango wake wa nyuma ulifungukia mchangani. Baada ya sala ya alfajiri wasichana wa nyumba ile walijifunga kanga, wakashuka kuogelea kabla wanaume hawajatoka. Alikuwa akiogelea hivyo tangu hajajua kusuka ukili. Mambo ya Unguja yalipoharibika tukahangaika huku na huko, mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini milango ya Oman ikafunguliwa, baba akapata kazi ya serikali, akatuleta kwa wazee wake. Kutoka Ibra kwenda baharini, upande wowote utakaoushika, ni milima na jangwa.

Alitupokea shangazi, dada yake baba kwa baba, ambaye hakupata kuvuka bahari maisha yake yote. Mtu mwema, Mungu amrehemu, na mkali kama pilipili. Yeye ndiye aliyemfundisha mama kukaanga kahawa na kuitia hiliki, kutofautisha tende ya khalas na ya khasab, siku ya kwenda soko la wanawake, na maneno ya kumpa pole mfiwa. Kila mama akiulizwa jambo alijibu, "Ma aaruf," yaani sijui. Ndicho Kiarabu chake cha mwanzo kukitamka vizuri. Wanawake wa mtaani walimpenda kwa jibu hilo. Walicheka, wakampiga bega, wakamwonyesha. Mimi, nilipopata akili, lilikuwa likiniudhi sana. Mwanamke huyu huko kwao ndiye aliyekuwa akiitwa kupima mchele wa harusi, ndiye aliyeulizwa dawa ya mtoto mwenye jicho jekundu, na huku alifundishwa kushika kikombe kama aliyezaliwa jana.

Katikati ya miaka ya themanini baba alianza kujenga kwenye kiwanja cha babu yake, karibu na falaji, ule mfereji unaomwagilia mitende. Kuta zikasimama, ikabaki kumwaga zege la paa. Watu wakaja kuisifu nyumba. Mama hakwenda kuitazama hata mara moja. Akiambiwa milango imetoka Muscat, mizuri ajabu, alisema, "Nyumba njema si mlango," na akaendelea kufungua nazi zake za kopo. Msemo ule unatakiwa kumaliziwa "fungua uingie ndani", lakini yeye aliukatia hapo makusudi.

Siku moja akasema wazi. Dada yake alikuwa akikaa Matrah, dirisha lake linaona bahari, na kulikuwa na vyumba vya kupanga katika jengo lile lile. Yeye atakwenda huko na sisi wasichana wawili. Baba atabaki Ibra na kazi yake na nyumba yake, na kila Alhamisi atakuja. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotutisha. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, mdogo wangu saba, na nilielewa vizuri kwamba tutakuwa watu wa nyumba mbili, na baba atakuwa mgeni wetu wa wikiendi. Nilimpenda baba kuliko nilivyopenda bahari, ambayo hata sikuijua.

Baba akanyoosha kidole kwenye kalenda. "Uyunani mshahara wangu haufiki," akasema. "Lakini kisiwa na sisi tunacho. Nipe safari moja ya Masira kabla hujafunga sanduku. Tukirudi, utakalosema ndilo."

Masira iko kusini, mkabala wa pwani ya mkoa wetu huu wa Sharqiya. Ilivukwa kwa feri ya chuma yenye sakafu tupu, gari mbele ya gari, na siku zile hakukuwa na gati la maana. Maji yakipwa, feri hukaa juu ya tope mpaka yarudi. Basi saa za maji ndizo zilizokuwa jambo kubwa, na hapo mama akafufuka.

"Tutakwenda mwezi ukiwa kumi na tano," akasema. "Bamvua. Maji makubwa yale hujaa saa kumi alasiri, hupwa saa nne. Na sisi tuwe pale saa kumi."

"Una hakika?" baba akauliza.

"Hesabu hiyo kaniachia bibi yangu. Kwetu mtoto anaijua kabla hajajua Alhamdu."

"Basi," baba akatugeukia sisi. "Mtu wa bahari keshasema. Sie watu wa shamba tupakie vyombo."

Tuliondoka likizo ya katikati ya mwaka wa shule. Mama alipika katlesi na maandazi ya hiliki, shangazi akatupa tende na chupa ya kahawa na nasaha zisizokwisha, na juu ya gari baba akafunga kitu kirefu ndani ya gunia ambacho hakutaka kutwambia ni nini. Tulipita Mudhaibi, tukapita Sinaw, halafu lami ikaisha na njia ikawa ya changarawe iliyotutikisa meno. Mdogo wangu alitapika mara mbili. Mama hakuona taabu yoyote. Alikuwa akizungumza tu, samaki mmoja baada ya mwingine, changu, pono, kolekole, nani alikaangwa na nani alitiwa tui, na jinsi ya kulala chali juu ya maji ukaacha masikio yazame. Sijapata kumsikia akisema mambo mengi namna ile bila kumtazama mtu usoni kuona kama amekosea.

Kwenye kituo cha petroli cha mwisho baba alishuka, akasalimiana na mzee mmoja mwenye pikapu iliyojaa mbuzi. Salamu za watu wa bara ya Oman unazijua: habari zako, habari za wanao, habari za nchi, mpaka petroli ikamwagika. Waliendelea kuzungumza, mzee akinyoosha mkono upande wa bahari, baba akiitikia kwa kichwa.

"Anasemaje?" mama akauliza baba aliporudi.

"Anasema njia nzuri," baba akajibu, akawasha gari. Nilishangaa tu kwamba kutoka hapo hakwenda tena mbio.

Saa kumi kamili tulikuwa pwani, na bahari haikuwepo. Lilikuwepo tope, linang'aa, limetandaa mpaka linapokutana na mbingu, na ndege wenye miguu mirefu wakitembea juu yake kwa raha zao. Feri ilikuwa imelala upande.

"Mama," mdogo wangu akauliza, "maji yako wapi?"

Mfanyakazi wa feri, ambaye alikuwa akinywa chai chini ya kivuli cha turubai, akatuona tunavyotazama, akatueleza kwa Kiarabu. Maji yalijaa asubuhi. Yatajaa tena usiku, na feri haitembei usiku. Rudini kesho asubuhi. Alisema kwa upole, mtu amezoea kuwaambia wageni hivyo. Mama alikuwa amekosea kila saa aliyoitaja. Bahari ya kwao inapojaa, ya huku inatoka, na ya huku ikijaa, ya kwao inatoka. Nani angemwambia?

Mama akakusanya abaya yake, akarudi garini, akafunga mlango taratibu. "Hata bahari," akasema. "Hata bahari ya huku siijui." Hakulia. Afadhali angelia. Tulitandika mikeka, tukala katlesi, na baba hakupewa hata moja, sijui kwa kosa gani. Alikula tende za dada yake. Nilipolala nilikuwa nimeshaiona Matrah, chumba na dirisha lake, na baba akipanda ngazi na mfuko wa machungwa.

Asubuhi maji yalikuwa yamekuja hadi karibu na matairi, feri inaelea, na magari yamejipanga foleni. Nyuma yetu ikafika pikapu ya mbuzi. Mzee wa petroli akashuka, akamwona baba, akamcheka waziwazi.

"Ewe ndugu yangu! Si nilikwambia jana, maji asubuhi, rudi ulale Sinaw upumzike? Ulikuja kufanya nini na jua lile?"

Alisema kwa Kiarabu, na Kiarabu hicho mama alikielewa neno kwa neno. Baba akamjibu kwa kicheko kisicho na maana, akaliingiza gari ndani ya feri, akalizima. Tulikuwa tumeshaiacha pwani mama alipouliza.

"Ulijua?"

Baba alikuwa bado ameshika usukani, kana kwamba feri ile inaendeshwa na yeye. "Nilijua tangu pale petroli."

"Ukaniacha niaibike."

"Nani kakuaibisha? Bibi we, tangu tufike nchi hii, kila kitu najua mie au anajua dada yangu. Weye huachiwi hata kukaanga kahawa yako. Bahari nikasema hii yako, mwachieni. N'takujaje kukusahihisha bahari mbele ya wanao, kwa neno la mtu wa mbuzi?"

"Ungenambia tu."

"Ningekwambia, ungeshindwa na mtu wa mbuzi. Sasa umeshindwa na bahari yenyewe. Hayo mengine."

Mama alitazama nje, kule ambako kisiwa kilikuwa kinaanza kuonekana, vilima vya rangi ya majivu na hakuna mti hata mmoja. Halafu akafungua chupa ya shangazi, akamimina kahawa, akampa. Akatoa na katlesi mbili alizozifunga kwenye karatasi tangu jana, akamwekea mapajani. Nilimpenda baba siku ile mpaka nikaona haya kumtazama.

Masira ina pwani nyingi kuliko watu. Ya kwanza tuliyoifika, karibu na feri, ilikuwa ya wavuvi: nyavu, mapipa, papa wanakaushwa, na wanaume wametukodolea macho. Mama hakushuka. Tukazunguka kisiwa hadi upande wa mashariki, na huko, wallahi, tukaiona kalenda yetu, ukiondoa zile nyumba. Mchanga mweupe, maji ya buluu, mawimbi yanakuja na povu, na katikati mahali pametulia kabisa, panaita. Baba akafurahi sana. Akafungua lile gunia, akatoa kiti cha kukunja, cha chuma na turubai, akakisimika mchangani kikaelekea baharini.

"Kiti chako hicho," akasema. "Waambie Wayunani wabaki na chao."

Mama akakitazama, midomo ikamcheza, lakini hakukaa. Mdogo wangu alikuwa ameshavua viatu, anakimbilia pale palipotulia.

"Rudi!" Sauti ile sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yetu. Mtoto akarudi. Mama akamenya chungwa, akasogea ukingoni, akalirusha ganda. Ganda likaelea kidogo, likaenda upande, likafika pale palipotulia, halafu likavutwa moja kwa moja kwenda nje, mbio, mpaka hatukuliona tena.

"Lakini pale ndipo hapana mawimbi," baba akasema.

"Ndiyo maana. Mawimbi yanaingia huku na huku, yakitaka kutoka yanatokea pale. Pale ni mlango. Ukiingia unatolewa na wewe." Akajipangusa mikono. "Saa zao nyengine, lakini maji ni maji. Kunja kiti."

Baba akakunja kiti. Alikuwa amewaka uso mzima, sijui kwa hofu ya lililotaka kutokea au kwa furaha. Ndani ya gari akarudia peke yake, "Pale ni mlango," kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani anayehifadhi sura mpya.

Pwani ya tatu ilikuwa upande wa magharibi, nyuma ya kilima, kijipwani kama cha ua wa nyumba, na maji yake yametulia pote. Mama akarusha ganda jingine. Likabaki palepale linacheza. Akatazama huku na huku, hakuna mtu, akajifunga kanga mbili, moja ya kifuani na moja ya kichwani, akamwambia baba alinde. Baba akakisimika kiti juu ya mchanga mkavu, akakaa, mgongo kwa bahari na uso kwa njia, asije mtu akatokea. Kwenye kalenda kiti kilielekea majini. Sisi kiti chetu kiliyapa maji kisogo, na mwenye kukikalia hakuona chochote cha yale aliyoyafungia safari.

Mimi niliona. Niliona mama akitia mguu, akashtuka, maana maji ya Masira ni ya baridi, si ya Bububu. Akasema, "Bismillahi, yakhe, haya barafu," akaenda mbele, akajilaza, na akaondoka. Sina neno jingine. Mama yangu mnene, anayelalamika magoti kila ngazi, aliondoka juu ya maji kama mtu aliyeitwa. Akaenda mpaka kichwa kikawa kidogo, akageuka, akarudi chali, kanga imemfuata nyuma. Alipofika tulipo, uso wake ulikuwa wa msichana ambaye mimi sikupata kuonana naye. Nilimlilia pale pale, na sikuwa nikijua ninamlilia nani.

Alitushika mmoja mmoja mpaka tukaacha kupiga kelele. Halafu akaita, "Bwana we! Njoo."

"Nani atalinda?" baba akajibu, bado ametupa kisogo.

"Unalinda nini? Hapa hapana hata mbuzi."

Baba akaja na shuka yake ya kiunoni na fulana, hatua moja mbele, mbili nyuma. Maji yakamfika magotini akasema inatosha. Yakamfika kiunoni akaanza kusoma dua. Mama akamwekea viganja viwili mgongoni.

"Nyanyua miguu."

"Nishike."

"Nshakushika. Lala. Yaache masikio yazame."

Akalala. Mkubwa wa ofisi, macho ameyafumba, ndevu zimeelekea mbinguni, anaelea juu ya mikono ya mkewe. Mama akamtazama, kitambo kizuri, kwa vile mwenyewe haoni.

"Ukirudi," akamwambia, "waambie mafundi wamwage zege."

"Nini?" baba akasema, akafungua macho, akazama. Alitoka akikohoa, maji ya Masira yakimtoka puani, akiuliza tena na tena, "Umesema nini? Umesema nini?" na mama akicheka hawezi kujibu.

Alikuwa na sharti lake. Kila shamba la Ibra lina hodhi la saruji la kukusanyia maji ya kumwagilia. Hodhi letu, akasema, litakuwa refu kupita yote, litazungushiwa ukuta, na atasimama mwenyewe juu ya vichwa vya mafundi. Ikawa hivyo. Zege likamwagwa, tukahamia, dada wa Matrah akatukasirikia karibu mwaka mzima. Mitende ikangojea maji yake mpaka mama amalize nayo. Kila Alhamisi alasiri alikuwa ndani ya hodhi na kanga zake, kwanza na sisi, baadaye na wasichana wa jirani, halafu na mama zao, waliokuja kuchungulia tu.

Shangazi alikataa muda mrefu. Alisema maji ya kusimama yanaleta baridi yabisi, alisema ni mambo ya Waswahili, akaja kila wiki kutuambia hivyo hivyo. Alikalia kile kiti cha Masira ukingoni mwa hodhi, na fimbo yake. Alhamisi moja akaiweka fimbo chini, akavua viatu, akakaa juu ya saruji na kutia miguu yake majini. Kisha akanyoosha mikono kwa mama. Akauliza kwa Kiarabu kina chake kinafika wapi.

Mama akasogea chini yake, akaipokea mikono yote miwili. "La tkhafi," akamwambia, usiogope. "Ana aaruf," mimi najua.